Kinyonga Hanunuliwi kwa Huruma

Wahenga walinena kwamba mchagua nazi hupata koroma. Nawastahi wahenga, na katika miaka yote niliyoshika chaki nimewafunza vijana methali zao bila kuzipinga. Leo, hata hivyo, naomba ruhusa ya msomaji kwenda kinyume kidogo, kwa sababu mwaka 2019 nilishuhudia kwa macho yangu kwamba asiyechagua kabisa huishia kuchimba kaburi.

Nilikuwa nimekwenda Marekani, katika jimbo la Ohio, kumjulia hali dada yangu. Binti yake, mwanafunzi wa umri wa miaka 13, alikuwa ameweka akiba ya pesa kwa miezi mingi ili anunue kinyonga. Mimi nilicheka. Utotoni mwetu kinyonga alikuwa mnyama wa kupigwa mawe. Tulimtia ugoro kinywani ili tuone atakavyogeuka rangi, na wazee hawakutukanya, maana simulizi za jamii zetu kadhaa husema kwamba yeye ndiye aliyetumwa na Mungu kuwaletea wanadamu habari ya uzima wa milele, akajikokota njiani hadi ndege akamtangulia na habari ya mauti. Leo mtoto wa dada yangu alitaka kumlipia mnyama yule yule fedha ambazo zingenunua mbuzi!

Tulikwenda katika duka moja la wanyama. Ndani ya sanduku la kioo alikuwamo kinyonga dume mwenye pembe tatu usoni. Binti akanigeukia macho yakimng'aa. "Mjomba, huyu si wa kwetu?" Naam, alikuwa wa kwetu. Ni kinyonga wa Jackson, aliyepewa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, na makao yake ya asili ni nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Miteremko ya Mlima Kenya inamjua vyema.

Lakini kinyonga yule alikuwa amefumba macho, na ilikuwa saa sita mchana. Ngozi yake ilikuwa nyeusi kama masizi. Mwuzaji akatabasamu akasema, "Amelala tu." Binti akasema, "Mjomba, tukimwacha hapa atakufa." Mwuzaji akatupunguzia bei hadi nusu. Mimi, niliyefundisha elimu ya viumbe kwa miaka mingi, nikasahau kwamba rahisi ni ghali, nikalipa. Siku ya sita daktari wa mifugo alitwambia kwamba mnyama alikuwa amekauka maji mwilini, tumbo limejaa minyoo na kinywa kimeoza ndani. Siku ya tisa tukamzika chini ya mti nyuma ya nyumba. Binti hakunilaumu. Alisema tu, "Nilidhani unajua." Neno hilo lilinichoma kuliko lawama.

Siku chache baadaye daktari yule alituelekeza kwa bibi mmoja mzee ambaye alifuga vinyonga nyumbani kwake na kuwazalisha. Bibi huyo hakutuuzia chochote siku hiyo. Alitaka kwanza kujua kama tuna kizimba kinachofaa, kisha akatuketisha na kutufunza jinsi ya kumkagua kinyonga. Aliyotufunza nayaandika hapa, kwa manufaa ya walimu na wanafunzi.

Jambo la kwanza ni macho. Kinyonga ni mnyama wa mchana. Anayefumba macho jua likiwa juu ni mgonjwa, wala si msinzizi. Macho ya mzima hutokeza nje kama vikuba viwili, na kila moja huzunguka kivyake, hili likitazama mbele na lile likitazama nyuma. Macho yaliyodidimia ndani ni ishara ya upungufu wa maji.

Jambo la pili ni miguu na taya. Mkono na mguu wa kinyonga yapasa uwe umenyooka kati ya kiungo na kiungo, na uweze kuinua mwili kutoka kwenye tawi. Ukiona matege, au taya la chini likiwa laini kama mpira, jua kwamba mifupa imekosa madini ya kalsiamu. Ugonjwa huu huwapata sana wanyama wanaofungiwa ndani bila miale ya urujuanimno, ambayo jua hutoa bure na ambayo mwili wa kinyonga huitumia kutengeneza vitamini D. Matege yakishaingia hayanyooki tena, hata mnyama akipona. Kisha mpe kidole au kijiti. Mzima hukikamata kwa vidole vyake vilivyogawanyika mafungu mawili kama koleo, hata ukasumbuka kumbandua.

Jambo la tatu ni kinywa na pumzi. Kinywa kiwe kimefungwa sawasawa. Mnyama anayeachama mahali pasipo na joto kali, anayetoa mapovu au kamasi, au anayeelekeza kichwa juu ili avute pumzi, ana maradhi ya mapafu. Usaha wa manjano kandokando ya midomo ni dalili ya kuoza kinywa.

Jambo la nne ni ngozi na unene. Tazama kama ana vidonda, uvimbe, au alama za kuungua zinazotokana na taa iliyowekwa karibu mno. Mifupa ya nyonga na mbavu isichomoze. Viungo visivimbe. Rangi nyeusi isiyoondoka ni alama ya dhiki au baridi, ingawa kinyonga aliyeshtuliwa na mgeni huweza pia kuwa mweusi kwa muda mfupi. Kwa hiyo msubiri atulie kabla ya kumhukumu.

Jambo la tano ni uchafu wake. Ndiyo, mwanafunzi mpendwa, usikunje pua! Kinyesi cha kinyonga mzima ni cha rangi ya kahawia na kina umbo, na huambatana na sehemu nyeupe ambayo ndiyo mkojo wake. Ile nyeupe ikigeuka ya manjano iliyokolea au ya rangi ya chungwa, mnyama ana kiu ya siku nyingi. Aghalabu kinyonga hanywi katika bakuli. Hulamba matone yaliyo juu ya majani, na duka lililomwekea kisahani cha maji tu limemnyima maji.

Jambo la sita, ambalo ndilo mtihani wa mwisho, ni kumwona akila. Mwombe mwuzaji amrushie nyenje. Kinyonga mzima atamlenga kwa macho yote mawili, kisha atafyatua ulimi unaoweza kupita urefu wa kiwiliwili chake, na kumnasa. Asiyetaka kula, au anayekosa shabaha mara kwa mara, mwache. Mwuzaji akikataa kukuonyesha haya, mwache yeye pia.

Fauka ya hayo, yako maswali ya kumwuliza mwuzaji. Mnyama huyu alizaliwa wapi na lini? Wazazi wake wako wapi? Anakula nini, na anaongezewa madini gani? Mfugaji mwaminifu atajibu bila kubabaika, na aghalabu atakuonyesha wazazi wenyewe. Kinyonga aliyenaswa porini huja na vimelea, makovu, na dhiki ya safari, na wengi hufa mapema. Aliyezaliwa kizimbani huzoea mapema taa na mkono wa binadamu. Asiwe mchanga mno. Bibi yule hakuuza kinyonga wa chini ya miezi mitatu. Wala usinunue wawili ili wasione upweke. Kinyonga hana upweke, ana mahasimu. Humwona mwenzake kama mvamizi, naye hudhoofika kwa kumtazama tu. Na hata ukimpata aliye bora, mpeleke kwa daktari kinyesi chake kipimwe minyoo.

Swali likabaki moyoni mwangu: kinyonga wa Mlima Kenya alifikaje katika duka la Ohio? Bibi alitusimulia, nami baadaye nikathibitisha. Mwaka 1972 mwenye duka la wanyama katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, aliagiza makumi kadhaa ya vinyonga hawa kutoka Kenya. Walifika wakiwa wamekonda na kukauka maji. Akawaachilia katika bustani yake ili wapate nafuu. Walipata nafuu, wakatoroka, wakazaana, maana jike wa aina hii hatagi mayai bali huzaa watoto hai, wengi kwa mkupuo mmoja. Leo wameenea visiwani humo na wanakula wadudu na konokono wa asili wasiopatikana kwingineko duniani. Wengi walionunuliwa Marekani miaka ya baadaye wametokana na hao. Yamkini yule tuliyemzika alikuwa kitukuu wa safari ile ya 1972.

Hapa ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilidhani nimemwokoa mnyama, kumbe nililipia nafasi yake kizimbani ijazwe na mwingine. Duka halikujali kama nilitoa fedha kwa huruma au kwa tamaa. Liliona tu kwamba mgonjwa naye ananunulika. Mnunuzi anayekagua macho, miguu na kinyesi, kisha akaondoka mikono mitupu, anamlazimisha mwuzaji kutunza anachouza. Wapo watakaosema kwamba huo ni moyo wa jiwe, na kwamba mtoto afundishwe huruma kabla ya hesabu. Mimi nasema huruma isiyo na maarifa ndiyo iliyomzika kinyonga wetu. Anayemhurumia mgonjwa na atoe taarifa kwa wanaosimamia haki za wanyama mahali hapo, wala asitoe pochi.

Na hapa kwetu je? Mwanafunzi asiondoke na ukurasa huu mkononi kwenda kumnasa kinyonga kwenye ua wa shule. Sheria ya Kuhifadhi na Kusimamia Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kufuga mnyama wa pori bila kibali, na mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya vinyonga wa aina hii kuvuka mipaka. Kwetu sisi kumchagua kinyonga mwenye afya ni kumtazama tawini na kumwacha pale pale.

Lakini kumtazama si jambo dogo. Mwalimu na awapeleke wanafunzi nje, wakae kimya nusu saa, wayapime macho, mshiko na ulimi kwa yale niliyoyaeleza. Wataona kwamba mwanasiasa anayehama vyama humsingizia kinyonga kwa kuitwa kwa jina lake. Kinyonga hageuki rangi ili adanganye kila anayemtazama. Hugeuka hasa kwa sababu ya joto, hasira, na kuwasiliana na wenziwe. Mwaka 2015 wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba ngozi yake ina fuwele ndogo mno, ambazo zikikaribiana au kuachana hubadilisha mwanga unaorudi machoni petu. Wataona pia fahari ya lugha yao. Tangu mwaka 2006 lipo kundi zima la vinyonga wa Afrika Mashariki ambalo wanasayansi wa ulimwengu huliita Kinyongia, na mmoja wao huishi katika milima ya Taita. Mataifa yamelichukua neno letu kwa heshima, ilhali sisi wenye neno tungali tunaokota mawe.

Binti ya dada yangu alirudi kwa bibi yule mwezi uliofuata. Alikuwa na kizimba cha wavu, mimea ya kweli ndani, taa inayofaa, na daftari. Alimkagua kinyonga wa kwanza akamwacha, akamkagua wa pili akamwacha, mimi nikiwa nimeketi kando bila kusema neno. Wa tatu alimtazama kwa muda mrefu, akamwomba bibi amrushie nyenje, akaandika. Ndipo akanigeukia akasema, "Mjomba, huyu anaweza." Kinyonga huyo aliishi naye miaka minne na ushei.

Nikirudi kwa wahenga, sasa nadhani hawakumkataza mtu kuchagua. Walimwonya achaguaye kwa tamaa ya macho. Nazi hutikiswa ikasikizwa maji yake. Kiumbe hai naye atazamwe vivyo hivyo, kwa subira na ujuzi, kabla mkono haujaingia mfukoni.