Treni za Mizigo Chini ya Magenge

Reli inayopita milimani hufuata mto kwa lazima kuliko kwa hiari, kwa kuwa treni ya mizigo haiwezi kupanda mlima mkali, na mara nyingi ni mto pekee uliokwisha kuikata milima hiyo kwa mwinamo wa taratibu. Hasara yake ni kwamba reli hulazwa kwenye ukanda mwembamba, mto ukiwa upande mmoja na genge upande wa pili, na aghalabu ukanda wenyewe huwa umechongwa kwa baruti, ambayo mshindo wake huacha nyufa ndani ya mwamba uliobaki. Kwa hiyo jiwe linaloporomoka leo baada ya mvua huenda lilianza kulegea tangu njia ilipochimbwa.

Korongo la mto New, katika jimbo la West Virginia nchini Marekani, linaonyesha jambo hili waziwazi. Reli ya kampuni ya Chesapeake and Ohio ilikamilishwa humo mwaka 1873, na hadi leo treni za makaa ya mawe hupita katika njia hiyo. Kuta za korongo zina matabaka yanayopishana ya mwambamchanga, ambao ni mgumu, na ya shale, yaani mwamba dhaifu uliotokana na tope lililogandamana. Shale humomonyoka upesi na kuuacha mwambamchanga wa juu ukining'inia bila egemeo, huku maji yaliyopenya katika nyufa zake, yanapoganda usiku wa baridi, yakiongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kuupanua ufa kama kabari. Barafu ikiyeyuka, jiwe hupoteza kilichokuwa kikilishikilia, ndiyo maana majira ya baridi yanapoelekea ukingoni huwa wakati wa hatari.

Alfajiri ya tarehe 8 Machi 2023, karibu na mji mdogo wa Sandstone katika bonde la mto huo, treni ya kampuni ya CSX yenye vichwa 4 na mabehewa 109 matupu ya makaa iligonga mawe yaliyoporomokea njia. Vichwa vyote na mabehewa 22 yaliacha reli, moto ukawaka, dizeli ikavujia mtoni, na wafanyakazi watatu waliokuwa ndani wakaumia, ingawa wote walinusurika.

Ni haki ya msomaji kuuliza kwa nini taa za ishara haziwezi kumwonya dereva kila jiwe linapoanguka. Jibu limo katika namna taa hizo zinavyofanya kazi. Mkondo dhaifu wa umeme hupitishwa katika pau mbili za reli hadi kwenye rilei, ambayo ni swichi inayoendeshwa kwa sumaku. Treni inapoingia, magurudumu na ekseli zake huziunganisha pau hizo, mkondo haufiki kwenye rilei, na taa huwa nyekundu. Reli ikivunjika, matokeo ni yale yale. Jiwe, hata hivyo, halipitishi umeme kama chuma, hivyo likitua juu ya mataruma bila kuvunja reli, mfumo wote huihesabu njia kuwa wazi, na taa ya kijani huendelea kuwaka.

Kwa sababu hiyo huwekwa uzio wa tahadhari, yaani nyaya zinazotandazwa kwenye nguzo upande wa genge, ambazo zikikatwa na jiwe hubadilisha ishara kuwa ya kusimama. Kifaa hiki ni cha thamani kubwa, lakini hakimfai dereva aliyekwisha kuipita taa, kwa kuwa treni ya mizigo iliyosheheni huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja kusimama, ilhali kona za korongo humwonyesha sehemu ndogo tu ya umbali huo. Wala uzio hauwezi kujua kinachotokea chini yake. Katika Pass of Brander huko Scotland, ambako nyaya za aina hii zimekuwapo tangu miaka ya 1880, treni ya abiria iliacha njia mwezi Juni 2010 baada ya kugonga jabali lililotoka kwenye mteremko ulio kati ya uzio na reli.

Kinga iliyo bora ni nafasi. Mwaka 1963 Arthur Ritchie, mtaalamu wa jiolojia wa jimbo la Washington, alichapisha utafiti uliotokana na kuporomosha mawe na kuyapiga picha za filamu, akaonyesha kwamba kwenye genge lililo karibu kusimama wima jiwe huanguka jirani na shina lake, lakini mteremko ukilala kidogo jiwe hudunda, huanza kuzunguka na hutua mbali zaidi. Kutokana na matokeo hayo wahandisi walipata vipimo vya upana na kina cha mtaro wa kunasia mawe kulingana na urefu na mwinamo wa genge. Kwenye ukanda uliobanwa na mto upana huo kwa kawaida haupo, hivyo hubaki kazi ya mafundi wanaoning'inia kwa kamba na kung'oa mawe yaliyolegea kwa mitaimbo, nyavu za chuma, na gari dogo la ukaguzi linalotangulia treni baada ya mvua kubwa. Hata panapokuwa na mtaro, ni lazima uzolewe mara kwa mara, kwa sababu mawe yaliyorundikana humo hulipa jiwe linalofuata mahali pa kudundia kuelekea relini.