Seva Inapotoweka: Kukatika, Kufungwa, Kufungiwa na Kuhama

Miongoni mwa maneno ambayo wafasiri na waandishi wa matangazo huyatumia bila kuyapima ni "haipatikani". Neno hili halina kosa la sarufi. Upungufu wake ni kwamba halimwelezi msomaji nani aliyetenda, wala kama vilivyohifadhiwa vingali salama. Katika makala haya tumekusudia kueleza vitenzi vinavyofaa pale seva ya mtandao wa jamii inapotoweka ghafla.

Seva ni kompyuta (wengine husema tarakilishi) inayohifadhi maandishi, picha na majina ya watumiaji, na kuwapelekea wanapoyaomba. Makampuni makubwa yana seva maelfu kwa maelfu. Lakini tangu mwaka 2016, ilipotolewa programu iitwayo Mastodon, watu wa kawaida wameweza kuendesha seva zao wenyewe na kuziunganisha na za wenzao. Aghalabu seva hizo huendeshwa kwa michango ya watumiaji na kwa jasho la msimamizi mmoja wa kujitolea. Tunapendekeza ziitwe seva za jumuiya.

Tuseme mwalimu wa Tukuyu anafungua simu yake asubuhi, na seva aliyoizoea haionekani. Machoni pake sababu zote zinafanana. Lakini afanye nini? Asubiri, ahame, adai haki, au ayasahau aliyoyaandika? Jibu litategemea kitenzi atakachopewa.

Huenda njia ndiyo iliyoharibika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Seva zenyewe hazikuguswa. Hapa "mawasiliano yamekatika" ni kauli sahihi, kwa kuwa kiambishi -ik- hueleza hali bila kumtaja mtenda. Kwa sababu hiyohiyo haifai kukitumia pale ambapo jambo limefanywa kwa makusudi. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, ilizimwa, haikuzimika. Anayeandika "ilizimika" anaifananisha na kibatari kilichoishiwa mafuta.

Jozi iliyo ngumu zaidi ni kufungwa na kufungiwa. Duka hufungwa na mwenyewe jioni; gazeti hufungiwa na mwenye mamlaka. Kiambishi cha kutendea, kikichanganywa na cha kutendwa, kimeleta katika matumizi ya Tanzania maana ya kuzuiwa kisheria, na kila msomaji wa magazeti anaielewa hata kama hajawahi kufundishwa. Lakini yapo matukio yaliyo katikati. Mwezi Juni 2018 JamiiForums, mtandao wa Kitanzania ulioanza mwaka 2006, ulisimamisha huduma zake. Kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilikuwa zimewataka wachapishaji kuwa na leseni, na ada ya leseni hiyo ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka, mbali na malipo mengine. Waliogeuza ufunguo walikuwa wenyewe. Sababu ilitoka nje. Tuonavyo sisi, hapo lifaalo ni "umesitisha huduma", na sababu itajwe katika sentensi hiyohiyo. Tarehe 6 Septemba 2025, Mamlaka ya Mawasiliano iliposimamisha leseni ya mtandao huohuo kwa siku 90, hapakuwa na shaka: ulifungiwa.

Seva yaweza pia kubaki hai ikapoteza jina. Mwezi Februari 2024 seva moja ya Mastodon iliyotumia kikoa cha Afghanistan, .af, iliondolewa jina hilo na wakuu wa Kabul. Kompyuta na maandishi vilikuwapo. Anwani ndiyo iliyokufa. Tuseme "imepokonywa kikoa", wala si "imefutwa". (Wazee wa pwani watatabasamu, maana kwao kikoa ni chakula ambacho watu hula pamoja na kukigharimia kwa zamu. Seva ya jumuiya yastahili neno hilo kwa maana zote mbili.)

Limebaki neno kuhama, ambalo lina mtego. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha 1951 jinsi Wanyakyusa walivyojenga vijiji kwa marika. Ikipanga, yaani kijiji, kilikuwa ni watu wa rika moja na jamaa zao zaidi kuliko mahali walipokaa. Kuhama katika Mastodon kunakaribia maana hiyo: mtumiaji akihamia seva nyingine, wafuasi wake humfuata, lakini maandishi yake hubaki nyuma kama migomba. Mfasiri asipoyasema hayo, mwalimu wetu atadhani amehama na vyote.

Tena, kuhama kwenyewe kwahitaji seva ya zamani iwe ingali hai, kwa kuwa ndiyo inayowaarifu wafuasi anwani mpya. Seva ya mastodon.technology ilitangaza Oktoba 2022 kwamba ingefungwa, ikafungwa Desemba, na watu wakapata nafasi ya kuhama. Inayotoweka bila neno haiachi nafasi hiyo. Ndiyo maana seva zinazotaka kuorodheshwa katika tovuti rasmi ya Mastodon huahidi kutoa ilani ya miezi mitatu kabla ya kufunga, kuweka nakala rudufu kila siku, na kumpa mtu mwingine angalau mmoja uwezo wa kuingia msimamizi apatwapo na dharura.

Kwa hiyo tunapendekeza ilani ya Kiswahili itaje mtenda, tarehe na hali ya maandishi. Mathalani: "Seva hii itafungwa na msimamizi wake tarehe 1 Machi. Maandishi yote yatafutwa siku hiyo. Anayetaka nakala aichukue, na anayetaka kuhama ahame, kabla ya hapo."