Fahamu: Je, saumu humfaa mwenye kutafakari katika yoga?

Saumu, kwa wafuasi wa yoga wa Bara Hindi, ni kujizuia na chakula, chote au baadhi yake, kwa muda maalumu, ili nafsi itulie na fikira zielekee jambo moja. Nayo huhesabiwa katika tapas, yaani kuitia nafsi adabu kwa kuinyima matamanio, ambayo Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, aliitaja miongoni mwa wajibu tano za mwenye kushika njia hiyo.

Siku ya 11

Saumu iliyo mashuhuri ni ya Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, ambapo waja wengi wa Vishnu, mungu wa Kihindu, huacha nafaka na jamii ya kunde. Badala yake hupikwa punje za sago zitokanazo na muhogo, zilizorowekwa hata zikawa laini, zikakaangwa kwa samli pamoja na viazi na karanga za kupondwa. Katika Nirjala Ekadashi, kwenye joto kali la Mei au Juni, hata maji hayanywewi.

Kadiri gani?

Hapa ndipo penye kiini, na mara nyingi husahauliwa. Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, katika sura ya 6, husema yoga haimfai mlafi, wala haimfai ajinyimaye kupita kiasi. Na Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha kale cha mafunzo ya yoga, humtaka mwanafunzi aache robo ya tumbo tupu. Sababu yaeleweka: aliyeshiba mno husinzia aketipo, na mwenye njaa kali hutafakari chakula.

Tahadhari

Mjamzito na mwenye kisukari wamwone tabibu kwanza.