Kabla Hujainua Pikapu Yako, Pima Kwanza



Masika iliyopita mzee mmoja aliyehitimu katika darasa letu la kisomo alinijia jioni, mkononi ana kipande cha karatasi. Alikuwa ameandika namba mbili kwa mkono wake: 225/75 R16 na 265/75 R16.

"Mwalimu," akasema, "hii ya kwanza nimeisoma kwenye matairi ya pikapu yangu. Hii ya pili ni ya matairi makubwa ninayotaka kununua. Fundi ananiambia nikiyafunga ni lazima gari liinuliwe sentimita kumi. Sasa nimekuja tusome pamoja kabla sijatoa hela."

"Umefanya vizuri, mzee wangu," nikamjibu. "Lakini kwanza niambie, gari lina shida gani?"

Akaniambia. Pikapu yake ni ya zamani, ina springi za vyuma bapa mbele na nyuma, kama zilivyo Land Rover za zamani na Hilux nyingi za zamani za kuvuta magurudumu yote manne. Inapeleka mahindi ya kijiji sokoni. Njia inapita kwenye mbuga ya udongo mweusi. Mvua zikinyesha, magari makubwa yanachimba mitaro miwili na kuacha tuta katikati. Pikapu ikiingia humo, difu inakaa juu ya tuta na magurudumu yanazunguka bure.

Tulikaa, tukapiga hesabu. Hesabu zile zinaweza kukusaidia na wewe, au kumsaidia jirani yako mwenye gari.

NAMBA ZA TAIRI ZINASEMA NINI?

Namba ya kwanza, 225, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 75, ni kimo cha ubavu wa tairi: ni asilimia 75 ya ule upana. Herufi R inaonyesha jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa; haiingii katika hesabu yetu. Namba ya mwisho, 16, ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4.

Basi tutafute kimo cha tairi la zamani:

Ubavu: asilimia 75 ya 225 ni karibu 169.
Mbavu mbili, juu na chini: 169 + 169 = 338.
Rimu: 16 × 25.4 = karibu 406.
Kimo chote: 338 + 406 = milimita 744.

Tairi analotaka, 265/75 R16, ukilipigia hesabu hiyo hiyo unapata karibu milimita 804. Tofauti ni milimita 60, yaani sentimita 6.

Je, gari litapanda sentimita 6? Hapana. Ekseli iko katikati ya gurudumu. Nusu ya nyongeza iko juu ya ekseli, na nusu iko chini yake. Kwa hiyo ekseli itapanda sentimita 3 tu.

SPRINGI HAZIINUI DIFU

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Chini ya gari kuna sehemu mbili zinazoweza kugusa ardhi. Ya kwanza ni chesisi na vitu vilivyofungwa humo. Ya pili ni ekseli pamoja na difu.

Ukiinua gari kwa springi, unainua chesisi, bodi na mzigo. Ekseli inabaki pale pale ilipokuwa, kwa sababu inakalia matairi. Kitu kinachoinua ekseli na difu ni kimo cha tairi peke yake.

Tuangalie mpango wa yule fundi. Matairi mapya yangeinua gari lote sentimita 3. Springi zingeongeza sentimita 10. Bodi na mzigo vingekuwa juu zaidi kwa sentimita 13. Na difu ile inayokwama juu ya tuta? Ingepanda sentimita 3 zile zile.

Mzee akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa hizo kumi ni za nini?"

Swali zuri. Kazi ya kuinua springi ni kulipatia tairi kubwa nafasi, lisisugue madigadi. Basi inua kwa kadiri ya nafasi inayotakiwa, usizidishe.

JINSI YA KUPIMA NAFASI

Pima gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Gari tupu litakudanganya.

1. Egesha mahali tambarare. Pima nafasi kati ya tairi na madigadi: juu, mbele na nyuma.

2. Zungusha usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Angalia tairi la mbele linakaribia wapi: kwenye springi, kwenye chesisi au kwenye bodi.

3. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya gogo imara, polepole. Zuia magurudumu mengine kwa mawe, na mtu asiingie chini ya gari. Springi itabonyea. Pima tena.

4. Kagua ule mpira mnene ulio kati ya ekseli na chesisi. Ndio unaozuia tairi lisigonge madigadi gari linapoingia kwenye shimo. Kama umekatika, weka mwingine.

Kwenye gari la mzee, nafasi ndogo kabisa juu ya tairi, gurudumu likiwa juu ya gogo, ilikuwa sentimita 2. Tairi jipya lingekula sentimita 3. Ilipungua 1. Tukaongeza 2 za usalama, kwa ajili ya matope na mtikisiko. Jumla ni sentimita 3. Zile kumi za fundi hazikuwa na sababu.

UPANA NAO UNA MAMBO YAKE

Tairi la 265 ni pana kuliko la 225 kwa sentimita 4: mbili zinaingia ndani na mbili zinatoka nje. Kama tairi linasugua springi wakati wa kukata kona, hata ukiliinua gari mpaka juu ya mwembe halitaacha kusugua. Kuinua kunaongeza nafasi ya juu, si ya pembeni.

Tena rimu nyembamba haifai tairi pana. Rimu za mzee zilikuwa na upana wa inchi 6. Tairi la 265/75 linataka inchi 7 au zaidi. Maana yake ni kununua na rimu pia.

Lipo tairi jingine: 235/85 R16. Piga hesabu mwenyewe. Utapata karibu milimita 806, kimo kile kile. Lakini upana umezidi ule wa zamani kwa sentimita 1 tu, na rimu ya inchi 6 inalifaa. Kwenye matope ya mbuga tairi jembamba lenye meno marefu mara nyingi hukata tope mpaka likafika kwenye udongo mgumu. Tairi pana lina faida zaidi kwenye mchanga, kwa sababu halizami upesi.

NJIA ZA KUINUA

Kurudisha springi zilizochoka. Hii ndiyo ya kwanza kufikiriwa kwa gari la zamani. Springi zilizobeba mzigo miaka mingi hulala, upinde wake ukapotea. Angalia kama gari limeinama upande mmoja, au springi zimenyooka kama rula hata bila mzigo. Ukiweka nyingine nzima za kimo cha kiwandani, gari linarudi mahali pake.

Springi mpya zenye upinde mkubwa zaidi. Ni njia nzuri, ila ni ghali. Usikubali kuongezewa vipande vingi mno vya chuma. Gari litakuwa gumu, litarukaruka likiwa tupu na kupoteza mshiko wa barabara.

Kurefusha vikono vinavyoshika ncha ya springi. Ni rahisi, lakini kikono kikirefuka sentimita 4, gari hupanda kama 2 tu, kwa sababu ncha moja ndiyo imesogea. Tena ekseli inageuka kidogo. Ukifanya hivyo mbele, usukani unaweza kuanza kuyumba.

Bloku za chuma kati ya springi na ekseli. Ni za nyuma tu. Mbele usiweke kabisa, maana nguvu ya breki na ya usukani inaweza kuzipindua. Usipange bloku mbili moja juu ya nyingine. Usitumie mbao. Yubolti ziwe mpya na zenye urefu unaofaa, nazo zikazwe tena baada ya safari za kwanza.

Pikapu zilizokuja baadaye, nyingi hazina springi bapa mbele; zina fimbo za chuma zinazojisokota. Fundi huzikaza gari likapanda. Kupanda kidogo ni sawa. Ukizidisha, viungo vya ekseli za mbele hukaa kwa pembe kali na kuisha upesi.

VITU VINAVYOFUATA

Gari likipanda juu ya kimo chake cha kiwandani, usilipe fundi kabla hujakagua mambo haya:

Mipira ya breki. Magurudumu yakining'inia, isivutike. Ikivutika inaweza kukatika, na hapo huna breki.

Shokapu. Zikiwa fupi, zenyewe ndizo zitazuia ekseli isishuke, nazo zitang'oka.

Propela. Ikikaa kwa pembe kali utasikia gari linatetemeka.

Kifaa cha breki kinachopima mzigo. Pikapu nyingi zinacho nyuma, na fimbo yake imeshikwa kwenye ekseli. Mzigo ukiishusha bodi, kifaa hiki huruhusu breki za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukiinua gari bila kukirekebisha, kitafanya kazi kama vile gari ni tupu, kumbe lina magunia kumi.

Taa. Zishushwe, zisiwapige machoni wanaokuja mbele.

Tairi kubwa nalo lina madeni yake. Kwa mfano wetu, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa, kwa kweli unakwenda karibu 87. Kupanda mlima kutataka gia ya chini zaidi, na gari litachelewa kusimama. Pia, kabla ya kugeuza lolote, waulize wakaguzi wa magari wa polisi na watu wa bima yako.

GARI REFU HUANGUKA UPESI

Chukua kiberiti, kilaze juu ya kipande cha ubao. Inamisha ubao polepole. Kiberiti kitateleza kabla hakijapinduka. Sasa kisimamishe wima, uinamishe tena. Mara hii kitaanguka mapema. Kiberiti ni kile kile, ila uzito wake umekaa juu zaidi na kitako kimekuwa chembamba.

Miaka michache iliyopita katika kijiji jirani pikapu moja iliinuliwa nyuma kwa bloku mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mwenyewe alifurahi, akasema sasa gari limekuwa lori. Akapakia magunia mengi kuliko zamani, na watu wakakaa juu yake. Kwenye kona ya kuteremkia mtoni likalala ubavu. Halikuwa likienda mbio. Mama mmoja alivunjika mguu, na mpaka leo anatembelea fimbo. Shamba lake sasa analimiwa na watoto.

Kuinua gari hakuongezi hata kilo moja katika mzigo ulioruhusiwa. Chesisi ni ile ile, ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Kama kitabu cha gari kinasema kilo 1,000, basi ni magunia kumi ya kilo 100, na kila mtu anayepanda nyuma anapunguza gunia. Na juu ya mzigo watu wasikae. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

MZEE ALIFANYAJE?

Tulipoangalia springi zake tuliona zimelala, na upande wa kushoto umeshuka zaidi. Aliweka springi nzima za kimo cha kiwandani. Gari likapanda sentimita 4, zaidi ya zile 3 alizohitaji. Kwa kuwa halikupita kimo chake cha asili, mipira ya breki, shokapu na propela havikuhitaji kurefushwa, wala fimbo ya kile kifaa cha breki haikuhitaji kuguswa. Alinunua matairi matano ya 235/85, pamoja na la akiba. Bloku hakuweka.

Je, hakwami tena? Anakwama, maana mbuga ni mbuga. Siku mbili ilibidi asubiri maji yapungue. Lakini juu ya lile tuta difu haikai tena, na mahindi yalifika sokoni.

Aliponiaga siku ile alinirudishia kalamu yangu, lakini karatasi ya hesabu aliikunja akaitia mfukoni. "Hii nakwenda kumwonyesha fundi," akasema.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tairi lina kimo cha milimita 744. Jipya lina milimita 784. Difu itapanda sentimita ngapi?

2. Kwa nini kuinua springi hakuinui difu?

3. Katika kijiji chenu gari hukwama kwa sababu gani: difu kugusa tuta, matairi kuisha meno, au mzigo kuzidi? Kila sababu mngeitibu vipi?

4. Nani katika kijiji chenu ana haki ya kumzuia dereva anayepakia watu juu ya magunia?