Nani aliyezima taa za majumba ya sinema?

Na Mwandishi Wetu

KWA kijana wa Dar es Salaam aliyezaliwa baada ya mwaka 1990, majina ya Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo na New Chox hayamkumbushi chochote. Kwa wazazi wake, hayo yalikuwa majina ya mwisho wa wiki. Mtu hakuulizwa kama ataenda kuona picha, bali ataiona wapi, na kama ameshapata tiketi.

Hali haikuwa tofauti mikoani. Tanga walikuwa na Majestic na Novelty, Arusha walikuwa na Metropole, Moshi walijivunia Plaza, na Mwanza walichagua kati ya Liberty na Tivoli. Mjini Zanzibar kulikuwa na Majestic, Empire na Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 iliitwa Cine Afrique.

Leo hii karibu majumba yote hayo yamefungwa, yamebomolewa au yamegeuzwa kuwa kitu kingine. Ukiuliza sababu, jibu utakalopewa na wengi ni fupi: televisheni ndiyo iliyoyaua. Jibu hilo limezoeleka mno, lakini ukiitazama historia yenyewe utaona kwamba halitoshelezi.

Zanzibar yaanza

Historia ya sinema za kudumu katika nchi hii inaanzia Zanzibar. Mwaka 1921 lilifunguliwa jumba la Royal katika eneo la Vuga, mradi wa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla. Michoro yake ilibuniwa na J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza ambaye pia ndiye aliyesanifu majengo kadhaa ya serikali yanayoonekana mjini humo hadi sasa. Jumba hilo liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mahali pake pakajengwa jingine lililofunguliwa mwaka 1955 kwa jina la Majestic.

Wenye majumba hayo, Bara na Visiwani, wengi wao walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia waliozaliwa au kuhamia hapa. Faida waliitaka, lakini walitaka pia mji wao uwe na jengo la kujivunia. Ndiyo maana majumba mengi ya sinema yalijengwa kwa urembo ambao haukuonekana katika maduka ya jirani: sehemu ya mbele yenye nakshi, ngazi pana, na roshani ya juu kwa waliotaka kulipa zaidi.

Jambo moja la kukumbukwa ni watazamaji wenyewe. Wakati Afrika Kusini sheria ilitenganisha watu kwa rangi hata katika starehe, Zanzibar kilichoamua mtu akae wapi kilikuwa ni bei ya tiketi. Mchukuzi wa bandarini, karani, fundi cherehani na mwenye duka waliingia kwa mlango mmoja na kutazama picha ile ile. Baada ya hapo kila mmoja alirudi mtaani kwake akiwa na la kusimulia.

Jumapili na pilikapilika zake

Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi. Familia zilivaa nguo za kutokea, na nje ya jumba kulikuwa na wauza karanga, kashata, mihogo na mishikaki. Tiketi za picha iliyosubiriwa kwa hamu zilikwisha mapema, na hapo ndipo walanguzi walipopata riziki yao. Walizinunua kwa wingi mchana, wakaziuza kwa bei ya juu jioni kwa kijana aliyekuwa amemwahidi mchumba wake na hakuwa tayari kuaibika.

Mjini Zanzibar, katika miaka ya 1950, kulikuwa na maonyesho maalumu ya wanawake peke yao. Kwa mwanamke ambaye desturi haikumruhusu kukaa gizani pamoja na wanaume wasio ndugu zake, maonyesho hayo yalikuwa ruhusa ya kutoka. Mitaa iliyoelekea sinema ilijaa mabuibui, na yaliyozungumzwa njiani wakati wa kurudi huenda yalikuwa na uzito sawa na picha yenyewe.

Nakala za filamu zilikuwa chache na ghali. Picha moja ya Kihindi ya saa tatu ilikuja katika makasha kadhaa ya mikanda, na mara nyingine majumba mawili yaligawana nakala moja kwa usiku mmoja. Mkanda wa kwanza ulipokwisha katika jumba moja, kijana aliupakia kwenye baiskeli na kuukimbiza jumba la pili, kisha akarudi kuchukua unaofuata. Pancha moja ilitosha kusimamisha mapenzi ya steringi mbele ya ukumbi mzima.

Picha ya Awara ya mwaka 1951, iliyoongozwa na kuchezwa na Raj Kapoor, ni miongoni mwa zilizopendwa kuliko zote. Baadaye zikaja Mother India ya mwaka 1957, Bobby ya mwaka 1973 na Sholay ya mwaka 1975. Hii ya mwisho ilitikisa imani ya watazamaji waliokuwa wakiamini kwamba steringi hafi, kwani mmoja wa mashujaa wake wawili anakufa kabla ya picha kwisha. Wengi hawakujua Kihindi, lakini kisa cha mtoto aliyekana wazazi wake au maskini aliyempenda binti wa tajiri hakikuhitaji mkalimani. Nyimbo zake nazo zilitoka ukumbini zikaingia katika taarab, ambapo tuni za Kihindi zilivishwa maneno ya Kiswahili.

Televisheni yaonewa

Kama televisheni ndiyo muuaji, basi Zanzibar ingekuwa ya kwanza kuzika sinema zake. Visiwa hivyo vilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika. Hata hivyo, watu waliendelea kujaza sinema kwa miaka mingi baada ya hapo, na Cine Afrique ilikuwa bado inaonyesha picha hata katika miaka ya 1990.

Tanzania Bara ilikuwa kinyume chake. Hapakuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Lakini kufikia mwaka 1994, majumba mengi ya Bara yalikuwa tayari hoi. Mgonjwa alikuwa kitandani kabla mtuhumiwa hajafika.

Ugonjwa wenyewe ulianza na umiliki. Mwaka 1971 Serikali ilipitisha sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia Sh 100,000, na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Lengo lilikuwa kuondoa unyonyaji wa wenye nyumba, na zipo familia nyingi zilizonufaika kwa kupata makazi ya kodi nafuu. Lakini majumba mengi ya sinema nayo yalikumbwa na sheria hiyo. Mtu aliyekuwa akimiliki jumba akawa mpangaji ndani yake. Paa likivuja, mpangaji alisema ni kazi ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba alikuwa na maelfu ya majengo mengine ya kuangalia.

Pigo la pili lilikuwa upatikanaji wa filamu zenyewe. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilipewa jukumu la kuingiza na kusambaza filamu nchini. Wenye sinema, ambao awali walijua watazamaji wao wanataka nini na kuagiza moja kwa moja, sasa walipokea walichogawiwa. Fedha za kigeni zilipoadimika mwishoni mwa miaka ya 1970, hususan baada ya vita dhidi ya Idi Amin, filamu mpya zikawa adimu kama sabuni na sukari. Vipuri vya projekta navyo vilitoka nje. Watazamaji walilipa kuona picha ile ile iliyokwaruzika, katika viti vilivyochanika na chini ya feni zisizozunguka, huku sehemu ya kila tiketi ikiendelea kwenda kwenye kodi ya burudani.

Hata Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 ambapo watu waliona picha wakiwa ndani ya magari yao, haikusalimika. Uhaba wa mafuta uliifanya Serikali ipige marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa 8:00 mchana. Kwa sinema iliyotegemea magari, na kwa biashara ambayo Jumapili ndiyo siku yake kuu, hilo halikuwa jambo dogo.

Mikanda ya video

Ni katika hali hiyo ya udhaifu ndipo video ilipoingia. Biashara ya nje ilipoanza kulegezwa kuanzia mwaka 1984, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi aliyeingia madarakani mwaka 1985, deki za video na mikanda zilimiminika kutoka Ghuba. Picha mpya ya Bombay iliweza kuonekana sebuleni Kariakoo au Ng'ambo kabla jumba la sinema halijaisikia. Wenye uwezo walibaki nyumbani. Wasio na uwezo walikwenda kwenye mabanda ya mitaani, yaliyopewa jina la vibanda umiza kutokana na mabenchi yake magumu na msongamano wake.

Vibanda hivyo visidharauliwe. Humo ndimo ilimozaliwa sanaa ya kufasiri filamu kwa sauti, na jina la Lufufu likawa maarufu nchi nzima kwa namna alivyosimulia picha za kigeni kwa Kiswahili chenye chumvi na vichekesho. Lakini kibanda kilikuwa mahali pa vijana wa kiume. Mama, shangazi na mabinti waliokuwa wakijaza roshani ya Empire au Majestic hawakuwa na nafasi humo.

Kinaya kikubwa ni kwamba filamu za Watanzania wenyewe zilipochipuka miaka ya 2000, hazikuwa na ukumbi wa kuonyeshwa. Zilikwenda moja kwa moja kwenye kanda, kisha kwenye diski, na zikawa mateka wa wanaozidurufu bila ruhusa. Nyota kama Steven Kanumba, aliyefariki dunia mwaka 2012, walijulikana nchi nzima bila kutegemea foleni ya watu waliopangana mlangoni kununua tiketi. Msanii ambaye kazi yake haina mlango wa kulipia hutegemea bei atakayopewa na msambazaji.

Yaliyobaki

Majumba yenyewe yamekuwa na hatima tofauti. Kiwanja cha Drive-In kilichukuliwa na Ubalozi wa Marekani, uliojenga ofisi zake mpya hapo baada ya ile ya zamani kulipuliwa Agosti 7, 1998. Empire ya Zanzibar imegeuzwa duka kubwa la vyakula, na Cine Afrique imekuwa jengo la maduka. Kwingineko yapo yaliyogeuka maghala, kumbi za harusi au nyumba za ibada. Hata lile ambalo lingevumilia yote hayo lingekutana na kikwazo kingine, kwa sababu kufikia katikati ya miaka ya 2010 kampuni kubwa za filamu duniani zilikuwa zinaacha mikanda na kuhamia mfumo wa dijitali, ambao mitambo yake ni ya gharama kubwa.

Sinema hazikutoweka kabisa. Zimerudi ndani ya vituo vya biashara kama Mlimani City, zikiwa na viti laini, viyoyozi na sauti safi. Hata hivyo, zimewekwa mahali ambapo watu huenda kununua vitu, na bei yake inamchuja mtazamaji kabla hajafika mlangoni. Yule mchukuzi na yule karani hawakutani tena gizani.

Kwa sababu hiyo, jengo la kuangaliwa kwa makini ni Majestic ya Vuga. Kwa miaka mingi limesimama likiwa limeporomoka sehemu ya paa, ndani ya Mji Mkongwe uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Wapenzi wa uhifadhi wamekuwa wakitaka lirejeshwe kuwa ukumbi wa filamu na sanaa, katika mji ambao tangu mwaka 1998 una tamasha la kimataifa la filamu, ZIFF, huku maonyesho yake mengi yakifanyika ndani ya Ngome Kongwe na si katika jumba la sinema.

Historia inatoa onyo kwa yeyote atakayelifufua. Majumba ya zamani hayakufa kwa sababu watu walichoka kuona picha pamoja. Yalikufa pale mwenye jengo, mwagizaji wa filamu na mtoza kodi walipokuwa watu watatu tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao aliyepata hasara ya moja kwa moja feni ilipoacha kuzunguka. Rangi mpya na paa jipya vitaipendezesha Majestic, lakini bila mtu wa kuwajibika siku paa litakapovuja tena, na bila tiketi ambayo mkazi wa Ng'ambo anaweza kuilipia, litakuwa jengo jingine la kupigiwa picha na watalii.