Bustani Inayochanua Mvua Inapokatika

Mvua zinapokatika mwezi Mei, bustani nyingi za maua katika wilaya za Mbulu na Hanang hunyauka mapema kuliko mashamba yanayozizunguka. Maua yaliyopandwa Machi husinyaa, nyasi za uani hukauka, na maji ya ndoo yanayotafutwa kwa ajili ya ng'ombe na jiko huanza kugawiwa vitalu vya maua. Lakini kwenye mipaka ya mashamba na pembezoni mwa msitu wa Nou, mimea ambayo hakuna aliyeimwagilia ndiyo kwanza inaanza kuvaa rangi. Kwa hiyo anayetaka ua wake upendeze kuanzia Juni hadi Oktoba asianze kwa kuuliza ua lipi ni zuri. Aulize kwanza mmea unaupokeaje ukame. Ipo mimea ambayo kwayo ukame ni adui, na ipo ambayo kwayo ukame ndiyo ishara ya kuchanua.

Picha ya bustani yenye rangi mwisho wa msimu tumeletewa kutoka nchi za baridi, ambako majani hugeuka mekundu na manjano kabla ya kupukutika. Huko, siku zinazofupika na usiku unaozidi kuwa baridi ndivyo huuamsha mti. Jijini London siku ndefu kuliko zote huizidi fupi kuliko zote kwa zaidi ya saa nane. Mbulu na Hanang ziko takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, na hapa tofauti hiyo ni takriban nusu saa tu. Miti iliyozoea ishara kubwa kiasi hicho haiwezi kuipata hapa, hata kama baridi ya Julai na ukungu wa asubuhi vinamfanya mtu wa Mbulu asitoke bila blanketi begani. Kununua mche kwa sababu ya picha iliyopigwa Oktoba huko Ulaya ni kununua ahadi isiyoweza kutimizwa kwenye nyanda hizi.

Hiyo haina maana kwamba sisi hatuna majani yanayobadilika rangi. Croton macrostachyus, mti wa pembezoni mwa misitu wenye majani mapana yenye umbo la moyo, huyageuza majani yake makuukuu kuwa ya machungwa yanayong'aa kabla ya kuyaangusha. Kemia yake haitofautiani sana na ya miti ya Ulaya: mti huivunjavunja klorofili, kijani hutoweka, na rangi zilizokuwa zimefunikwa huonekana. Kabla jani halijaanguka, mti huwa umeondoa sehemu kubwa ya naitrojeni yake, mara nyingi kiasi cha nusu, na kuihifadhi kwa ajili ya majani mapya. Kinachotofautiana ni sababu. Huku jani linaachwa hasa kwa kuwa linapoteza maji ambayo udongo hauwezi tena kuyarudisha. Wala hatupaswi kudhani kwamba mimea ya Ikweta haijui kalenda ya jua. Mwaka 2005 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotoa hoja kwamba miti ya karibu na Ikweta inaweza kuchanua kwa pamoja kwa kufuata mabadiliko madogo ya saa za mawio na machweo.

Utajiri wetu mkubwa, hata hivyo, uko kwenye maua. Erythrina abyssinica, mti wa magome mazito yenye nyufa, hutoa vichwa vya maua mekundu katikati ya kiangazi, mara nyingi matawi yakiwa hayana jani hata moja. Kuchanua bila majani kuna manufaa: ua huonekana kutoka mbali, na mti uliokwisha kuangusha majani unabaki na maji ya kutosha shinani kulisha machipukizi ya maua. Shubiri za porini, kama Aloe secundiflora, hufanya hivyohivyo kwa maji yaliyowekwa akiba ndani ya majani manene. Leonotis, yenye maua ya machungwa yaliyojipanga duara juu ya duara kwenye shina moja refu, huanza mapema zaidi, mvua zinapoishia. Rangi hizi za moto zinawaita ndege. Karl von Frisch alionyesha mwaka 1914 kwamba nyuki hutambua rangi, lakini nyekundu tupu hawaioni. Ndege chozi wanaiona vizuri. Kwa mfugaji wa nyuki, basi, nyekundu pekee haitoshi, na hapo ndipo mringaringa unapostahili nafasi: maua yake meupe hufunika mti mzima baada ya mvua kubwa, na nyuki huyapenda mno.

Wapo watakaosema kwamba jakaranda na grevilea zimekuwa hapa muda mrefu, zinapatikana kwenye kila kitalu cha miche, na zinastahimili kiangazi bila msaada. Ni kweli, na sioni sababu ya kuing'oa jakaranda inayochanua zambarau Oktoba kwa kuwa asili yake ni Amerika ya Kusini. Kipimo changu ni tabia ya mmea, si pasipoti yake. Kwa kipimo hichohicho lantana inashindwa. Inachanua karibu mwaka mzima, lakini ndege husambaza mbegu zake hadi malishoni, na majani yake huharibu ini la ng'ombe na kuifanya ngozi iungue kwa jua. Katika wilaya ambamo Wairaqw na Wadatoga wanaishi kwa mifugo, ua la namna hiyo ni hasara kwa jirani.

Pingamizi zito zaidi ni la chakula: eneo ni dogo, kwa nini lipewe maua? Jibu langu ni mbaazi. Aina za muda mrefu hupandwa pamoja na mahindi Desemba au Januari, na huchelewa kuchanua kwa sababu zinahisi urefu wa siku na joto. Maua yao ya manjano, mengine yenye michirizi myekundu, hufunguka wakati mahindi yanakauka. Ngwara nayo hutambaa kwenye uzio na kutoa maua ya zambarau, kisha maganda ya kuliwa. Zote mbili huweka naitrojeni kwenye udongo. Kwenye miinuko ya baridi kali ya Mbulu mbaazi husuasua, ila miteremko ya chini na uwanda wa Hanang huzifaa. Ukavu wa kuelekea Ziwa Balangida, kwa upande wake, ni makao halisi ya shubiri kuliko ulivyo ubichi wa Kainam, kule Mbulu.

Linabaki swali la kupata miche. Shubiri zisichimbwe vilimani: isipokuwa Aloe vera, biashara ya kimataifa ya shubiri zote inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na kichaka kilichong'olewa hakirudi upesi. Chipukizi moja kutoka kwa jirani hutosha, maana litazaa mengine. Erythrina huota kwa kipande cha tawi nene. Likatwe mti ukiwa bado umelala, jeraha liachwe likauke siku chache kivulini, kisha lisimikwe mvua zinapoanza Novemba au Desemba, mbali kidogo na ukuta wa nyumba. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu na huwavutia watoto, kwa hiyo ziokotwe maganda yanapopasuka, au mti upandwe kwenye mpaka wa shamba badala ya uwanja wanaochezea.