Ngoma za Kirundi Nakivale

Wenzangu wengi hapa shuleni Mbarara huniuliza habari za ngoma zinazopigwa Nakivale siku za sherehe. Mimi ni Mrundi niliyekulia huko, nami nataka kuwaeleza kwa kifupi.

Makazi ya Nakivale yamo katika wilaya ya Isingiro. Yalifunguliwa mwaka 1958, na humo wanakaa watu wa Kongo, Somalia, Rwanda na kwingineko. Warundi wengi walifika tangu mwaka 2015, baada ya fujo kutokea kwetu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo.

Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma yenyewe, na ufalme. Zamani zilipigwa mfalme alipotawazwa, na katika Umuganuro, sherehe ya kupanda mtama. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, lakini ngoma zilibaki.

Ngoma huchongwa kwa gogo la mringaringa, tuliouita mti unaofanya ngoma iseme. Juu huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Wapigaji hujipanga nusu duara, na hesabu ya ngoma haigawanyiki kwa mbili. Moja hukaa katikati, nayo ndiyo huongoza. Baadhi ya nyingine hushika mwendo mmoja bila kukoma, na zilizobaki huifuata ile ya katikati.

Likizo iliyopita mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa Nakivale, alimwomba mzee wetu wa ngoma amfundishe. Mzee akajibu, "Kwetu msichana hapigi ngoma." Mtoto akauliza, "Kwetu ni wapi, babu? Mimi nimezaliwa hapa." Mzee alinyamaza kitambo, kisha akamwambia akae karibu, asikilize na kuhesabu mapigo.

Waskoti nao walitawanyika duniani. Huko Kanada liko jimbo liitwalo Nova Scotia, maana yake Uskoti Mpya. Kila tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, wajukuu ambao hawajaiona nchi ya babu zao hupiga zumari za mfuko. Zamani wapigaji walikuwa wanaume hasa. Leo wasichana wamo, wala zumari haikupoteza sauti yake.

Kwa maoni yangu, mila ikikataa nusu ya watoto wake ugenini, haitapata wa kuirithi. Je, ninyi mliokwisha kumaliza shule mwaonaje? Mdogo wangu bado anahesabu.